AutoCAD kwenye kompyuta ya Linux: Wine, mashine pepe, Windows pembeni, au programu nyingine kabisa?

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi ambazo bado ni nzima zimebaki njia panda. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya kizazi kipya, nazo hazina. Wengi wamezihamishia Linux Mint au Ubuntu na zinakimbia vizuri tu. Tatizo huja siku mhandisi wa miundo anapotuma faili ya DWG (mchoro wa AutoCAD) saa kumi na moja jioni na kusema anaitaka asubuhi ikiwa imerekebishwa.

AutoCAD, programu ya Autodesk ya kuchorea michoro ya kitaalamu, haina toleo la Linux. Si kwamba haikuwahi kufika jirani: hadi Toleo la 13, katikati ya miaka ya 1990, Autodesk ilikuwa ikitoa AutoCAD ya Unix, kisha ikaiacha, na Toleo la 14 la mwaka 1997 likaja kwa Windows peke yake. Watu wa Mac walirudishiwa yao mwaka 2010. Sisi wa Linux hatujarudishiwa chochote, na sioni dalili. Hali ya programu nyingine za usanifu haina nafuu: Revit na SolidWorks ni za Windows tu, ArchiCAD ni ya Windows na Mac.

Nitaitumia AutoCAD kama mfano kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi, na kwa sababu faili yake ya DWG ndiyo inayozunguka kati ya msanifu majengo, mhandisi, mpima ardhi na fundi. Njia za kutokea ni nne kubwa, na mbili ndogo ambazo watu huzisahau.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza maswali yale yale matano. Inaendesha *toleo* lipi, la mwaka huu au la zamani? Inataka *mashine* ya namna gani: RAM, diski, kadi ya picha? *Fedha* na leseni zimekaaje? *Faili* inatoka salama, yaani DWG yenyewe, fonti zake, na karatasi kwenye plota (printa ya karatasi kubwa)? Na mwisho *matunzo*: siku ikiharibika, unakaa muda gani bila kazi?

Swali la nne ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine. Mtu anayesema "nataka AutoCAD kwenye Linux" mara nyingi hataki AutoCAD. Anataka kufungua faili ya mwenzake, kuirekebisha, na kuirudisha bila mwenzake kugundua kwamba ilipita kwenye Linux. Hayo ni mahitaji mawili tofauti, na kila moja lina jibu lake.

Kwanza iulize faili yenyewe

Fungua terminali kwenye folda yenye mchoro uandike:

`head -c 6 ramani.dwg`

Utajibiwa kwa herufi na tarakimu sita. AC1015 ni fomati ya AutoCAD 2000, AC1018 ya 2004, AC1021 ya 2007, AC1024 ya 2010, AC1027 ya 2013, na AC1032 ni ya 2018 ambayo ndiyo inayotumika hadi matoleo ya karibuni. Sekunde moja hiyo inaweza kukuokolea siku nzima. Kuna watu wanaohangaika na Wine mpaka AutoCAD 2008 inawaka, wanashangilia, kisha faili ya mteja inakataa kufunguka. Wanailaumu Linux bure. Faili ni AC1032, na AutoCAD 2008 isingeifungua hata kwenye Windows halisi.

Ikiwa fomati ni mpya kuliko programu yako, mwombe aliyekutumia atumie amri ya SAVEAS na kuchagua fomati ya 2007 au 2010. Au pakua ODA File Converter: ni ya bure, ina toleo la Linux, unaionyesha folda nzima na inageuza faili zote kwa mpigo. Mwombe pia akutumie kifurushi cha ETRANSMIT badala ya DWG tupu. Kifurushi hicho hubeba michoro iliyounganishwa, fonti za SHX (herufi za AutoCAD yenyewe) na faili za unene wa mistari za CTB. Nusu ya malalamiko kwamba mchoro umefika umeharibika ni fonti na CTB ambazo hazikutumwa.

Njia ya 1: Wine

Wine ilianza mwaka 1993. Haiweki Windows ndani ya kompyuta yako. Inayatafsiri maombi ambayo programu ya Windows inayapeleka kwa mfumo wake, Linux iyaelewe. Unapata folda ya siri iitwayo `.wine`, ndani yake kuna `drive_c`, na programu inaamini iko nyumbani. Zipo zana za kuirahisisha: Winetricks, Bottles, na CrossOver ya CodeWeavers ambayo ni ya kulipia.

*Toleo.* Hapa ndipo pagumu. Matoleo ya zamani, ya kabla ya 2010 hasa, yana nafasi nzuri. Kadiri unavyosogea mbele ndivyo mambo yanavyokaza. Kuanzia bidhaa za 2020, Autodesk ilileta huduma mpya ya leseni inayokaa nyuma ikifanya kazi kimyakimya, na kisakinishi chenyewe kimekuwa kizito. AutoCAD 2025 nayo ikahamia .NET 8, jukwaa la Microsoft la kuendeshea programu. Wengi hukwama kwenye kisakinishi au kwenye dirisha la kuingia akaunti, kabla hata ya kuona karatasi ya kuchorea. Tovuti ya WineHQ ina orodha ya ripoti za watumiaji, toleo kwa toleo, kuanzia daraja la Platinum hadi Garbage. Ukizisoma, angalia tarehe ya ripoti na namba ya Wine iliyotumika. Ripoti ya miaka kumi iliyopita haikuhusu.

*Mashine.* Hapa Wine haina mpinzani. Hakuna mfumo wa pili unaokula RAM, kwa hiyo laptopu ya GB 4 inaweza kuendesha toleo la zamani la michoro bapa (2D) bila kulalamika. Kwa picha za Direct3D (lugha ambayo programu za Windows huongea na kadi ya picha), Wine hupata nguvu kupitia DXVK, inayoitafsiri kwenda Vulkan, lugha ya namna hiyo ambayo Linux inaielewa, na kadi za Intel za enzi ya Haswell, yaani kizazi cha nne, Vulkan yake haijakamilika. Mchoro ukionekana umechanikachanika, andika GRAPHICSCONFIG, au 3DCONFIG kwenye matoleo ya zamani, uzime usaidizi wa kadi ya picha.

*Fedha.* Wine ni bure, AutoCAD si bure. Kwenye Wine mtu hushawishika kuchukua nakala iliyovunjwa ulinzi wa leseni kwa kuwa "Linux haishikwi na virusi". Fungua mipangilio ya Wine uone diski ya Z: ni nini. Ni kompyuta yako yote, kuanzia mzizi. Kirusi cha Windows kinachowaka ndani ya Wine kinasoma nyaraka zako kama wewe unavyozisoma, na kinaweza kuzifunga ukadaiwa pesa.

*Faili.* Fonti za SHX huja na programu yenyewe. Arial na wenzake hawapo. Waite kwa `winetricks corefonts`, la sivyo maandishi yatahama na kuvuka mipaka ya jedwali la kichwa cha mchoro. Kwenye kuchapa, usihangaike na plota moja kwa moja. Toa PDF, kisha chapa ukiwa upande wa Linux.

*Matunzo.* Sasisho la Wine linaweza kuvunja kilichokuwa kikifanya kazi jana. Kinga yake ni kuipa kila programu folda yake, mfano `WINEPREFIX=~/acad2008`, na ikishakaa sawa unainakili folda yote kama akiba.

Inamfaa mwenye leseni ya toleo la zamani, mashine dhaifu, michoro bapa, na muda wa kuchokonoa. Asiyependa kuchokonoa aendelee kusoma.

Njia ya 2: mashine pepe

Hapa unaweka Windows kamili ndani ya dirisha la Linux. VirtualBox ndiyo maarufu. VMware Workstation Pro ilifanywa ya bure kwa wote Novemba 2024. Na Linux ina yake ya kuzaliwa nayo, KVM, iliyoingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) mwaka 2007 na ambayo wengi huiongoza kwa virt-manager.

*Toleo.* Lolote. Hii ni Windows halisi, na AutoCAD ya mwaka huu inasakinishwa kama kawaida. Windows 11 ikidai TPM 2.0, VirtualBox kuanzia 7.0 inaitengeneza ya bandia, na KVM hufanya hivyo kwa swtpm. Yaani laptopu iliyokataliwa na Windows 11 mlangoni inaweza kuiendesha sebuleni.

*Mashine.* Ndipo gharama ilipo. Autodesk yenyewe inataja GB 8 za RAM kuwa kiwango cha chini na GB 32 kuwa kiwango kinachopendekezwa. Kumbuka hizo ni za Windows pekee. Linux nayo inahitaji zake. Kwa GB 8 zote kwa pamoja utateseka. Kwa GB 16, ukiipa Windows GB 8, kazi za michoro bapa zinakwenda. Diski iwe SSD. Windows 11 yenyewe inataka nafasi ya GB 64, kwa hiyo tenga kama 100. Na kabla ya kuanza hakikisha umewasha VT-x au AMD-V (uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe) kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Laptopu za mtumba mara nyingi huja ikiwa imezimwa.

Kadi ya picha ndiyo kidonda cha njia hii. VirtualBox 7 na VMware kuanzia 16 zinaifikisha hadi DirectX 11, kwa kiasi. KVM ya kawaida haikupi nguvu ya 3D ndani ya Windows mpaka uikabidhi kadi nzima kupitia VFIO (njia ya kuipa mashine pepe kifaa halisi), na hiyo inahitaji kadi mbili, kompyuta yenye IOMMU inayoruhusu ukabidhi huo, na usiku kadhaa wa kusoma. Kwa mistari, vipimo na maandishi hutahisi pengo kubwa. Ukianza kuzungusha jengo la ghorofa nane lenye vivuli, litaganda.

*Fedha.* Unahitaji leseni ya Windows kwa ajili ya mashine pepe. Ile iliyokuja na laptopu imefungwa kwenye vifaa vya laptopu hiyo na haijiamilishi yenyewe ndani ya dirisha. Ongeza leseni ya AutoCAD, na soma masharti yake yanasemaje kuhusu mashine pepe kabla ya kuijenga ofisi nzima juu ya njia hii. Hesabu na bando: faili ya kusakinishia Windows 11 (ISO) peke yake inazidi GB 5. Leseni ya kulipia kwa mwaka nayo hutaka kuonana na seva ya Autodesk angalau mara moja kila siku 30, kwa hiyo mashine pepe isiyo na intaneti kabisa haiwezekani.

*Faili.* Salama kabisa, kwa kuwa ni AutoCAD yenyewe. Tahadhari ni moja: folda ya pamoja kati ya Linux na Windows. Kufungulia DWG humo kunawezekana, ila AutoCAD huunda faili ndogo za kufuli, `.dwl` na `.dwl2`, na mashine ikizimika ghafla zinabaki na kudai mchoro uko wazi kwa mtu mwingine. Zifute tu. Mimi ningechorea kwenye diski ya ndani ya Windows na kutumia folda ya pamoja kama njia ya kupitishia mizigo.

*Matunzo.* Hapa inawashinda wenzake wote. Ukishasakinisha kila kitu, piga snapshot. Sasisho likiharibu, unarudi kwenye hali ya mwanzo ndani ya dakika chache. Diski ya mashine pepe ni faili. Nakili kwenye diski ya nje, peleka kwenye kompyuta nyingine, inawaka.

Inamfaa anayeishi kwenye Linux mchana kutwa na kuihitaji AutoCAD kwa saa chache, mwenye RAM ya kutosha na asiyefanya 3D nzito.

Njia ya 3: Windows pembeni

Kompyuta moja, mifumo miwili. Ukiwasha, unachagua kwenye menyu ya GRUB.

*Toleo* ni lolote ambalo mashine inalikubali, na *mashine* inafanya kazi kwa nguvu zake zote: RAM yote, kadi ya picha yote. Kwa Revit, ArchiCAD, SolidWorks na 3D nzito kwa ujumla, ukweli usiopendwa ni kwamba njia ya kuaminika kwenye kompyuta moja ni hii. *Fedha* nazo zimekaa vizuri kuliko inavyodhaniwa: laptopu iliyouzwa na Windows 8 au baada ya hapo mara nyingi ufunguo wake umo kwenye BIOS, na Windows ikisakinishwa tena inajiamilisha. Kasoro ni kwamba mashine zisizo na TPM 2.0 zinabaki na Windows 10 isiyohudumiwa tena. Ya namna hiyo usiitumie kwa benki wala barua pepe. Iwe chumba cha kuchorea basi.

*Faili.* AutoCAD ni halisi, kwa hiyo DWG haina shida. Shida ni mpakani. Windows haisomi ext4, mpangilio wa diski wa Linux, kwa hiyo michoro ikae kwenye kizigeu (sehemu ya diski) cha NTFS, mpangilio wa Windows, ambacho pande zote zinakifikia. Halafu utakuta asubuhi moja Linux inakifungua kwa kusoma tu, haikubali kuhifadhi. Sababu ni Fast Startup: Windows "ikizimwa" huwa haijazimika, imelala, na imeiacha diski ikiwa nusu wazi. Ingia Windows kama msimamizi uandike `powercfg /h off`, ugonjwa umeisha.

*Matunzo.* Hapa pana visa. Cha kwanza kinatuhusu hasa sisi wa Afrika Mashariki. Linux huiweka saa ya ndani ya kompyuta kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia), Windows huisoma kama saa ya mahali ulipo. Ukitoka Linux kwenda Windows ukiwa Dar, Nairobi au Kampala, saa inarudi nyuma kwa saa tatu. Ukiwa Bujumbura, Kigali au Bukavu, saa mbili. Watu hupuuza wakidhani ni betri ya bodi, kisha ukaguzi wa leseni na kurasa za kuingilia akaunti zinaanza kukataa kwa sababu muda hauendani. Dawa ni mstari mmoja upande wa Linux: `timedatectl set-local-rtc 1`.

Kisa cha pili ni BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga diski. Kabla ya kugusa Secure Boot (ulinzi unaokagua kianzishi cha mfumo) au kupunguza kizigeu cha Windows, hifadhi ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, tena nje ya kompyuta hiyo. Cha tatu ni masasisho. Agosti 2024 sasisho la usalama la Windows lilizifanya kompyuta nyingi zenye mifumo miwili zishindwe kuwasha Linux. Tatizo lilitokana na SBAT, orodha inayozuia vianzishi vya zamani visivyo salama. Lilitatuliwa, lakini aliyekuwa na kazi ya kukabidhi wiki hiyo hakufurahi. Weka flashi yenye Linux ya kuwashia kwenye droo.

Na kuna gharama isiyoandikwa popote: kila ukitaka kupima ukuta mmoja inabidi ufunge kila kitu na kuwasha upya. Baada ya mwezi wengi hujikuta wamebaki Windows moja kwa moja, na Linux imekuwa pambo.

Inamfaa mwenye kazi za 3D, mwenye RAM ndogo lakini kadi nzuri ya picha, na anayeweza kugawa siku zake: leo kuchora, kesho mengine.

Njia ya 4: programu za Linux zenyewe

Hapa ndipo swali langu la mwanzo linaporudi: unahitaji programu, au faili?

BricsCAD ya kampuni ya Bricsys ya Ubelgiji ndiyo iliyo karibu zaidi na AutoCAD ikiwa na toleo kamili la Linux. Inasoma na kuandika DWG moja kwa moja, amri ni zile zile, unaandika L, PL, TR na vidole haviulizi kitu, na programu ndogo za LISP ulizozoea nyingi zinakubali. Ni ya kulipia, lakini wana leseni ya kununua mara moja, kitu ambacho Autodesk iliacha kuuza mwaka 2016. Kujaribu ni bure kwa siku 30.

QCAD ni ya michoro bapa tu. Toleo la jamii ni bure na linatumia DXF, fomati ya kubadilishana michoro kati ya programu; la Professional ni la kulipia, bei yake ni ndogo, na linafungua DWG. LibreCAD ni mtoto wa QCAD, bure kabisa, nyepesi mno, inafanya kazi na DXF huku DWG ikiisoma kwa kubahatisha. Haina paper space (kurasa za kupangia mchoro kabla ya kuchapa), kwa hiyo mchoro wenye layout tano za A1 utakuja umepungua. Amri nazo si zote zinazofanana na za AutoCAD. FreeCAD, iliyofikia toleo la 1.0 Novemba 2024, ni ulimwengu mwingine: 3D ya vipimo vinavyobadilika, nzuri kwa vipuri vya mashine, na sasa ina sehemu ya majengo ndani yake. Kwa DWG inategemea msaidizi kama ODA File Converter.

*Toleo* kwa hiyo si suala, hakuna AutoCAD. *Mashine*: LibreCAD na QCAD zinakimbia kwenye chochote, BricsCAD na FreeCAD zinataka kompyuta ya wastani. *Fedha*: kuanzia sifuri, bila leseni ya Windows. *Faili*: BricsCAD hukaribia kuaminika kabisa kwa michoro ya kawaida; bloku zinazobadilika umbo, vitu vya Civil 3D (programu ya Autodesk ya barabara na ardhi) na majedwali tata ndivyo vya kukaguliwa kwa jicho. Kabla ya kuhama, chukua mchoro mmoja halisi wa ofisini, ule mchafu wenye leya mia, ufungue, uhifadhi, umrudishie mwenye AutoCAD auchunguze. Ukipita huo, mingine itapita.

*Matunzo* ni mepesi, ila usidhani programu kuwa ya Linux ni hakikisho. DraftSight ilikuwa bure kwenye Linux kwa miaka, watu wakajenga kazi zao juu yake, kisha mwaka 2019 Dassault Systèmes ikaacha toleo la Linux na la bure kwa pamoja. Tunza nakala za DXF za michoro yako muhimu. Hiyo itasomeka na kila mtu.

Inamfaa anayefanya michoro bapa, aliye peke yake au kwenye ofisi ndogo, na ambaye wapokeaji wake wanataka PDF au DWG ya kawaida.

Njia mbili ndogo

AutoCAD Web inafunguka kwenye kivinjari, Linux haiulizwi kitu. Kwa mwenye leseni tayari, inatosha kusahihisha kipimo, kuongeza maelezo, kuangalia leya. Si mahali pa kuchorea jengo zima, na bila bando haina maana.

Ya pili ni kuingia kwa mbali kwenye kompyuta ya Windows iliyoko ofisini ukitumia Remmina. Kompyuta hiyo iwe na Windows Pro, maana Home haipokei wageni wa RDP, njia ya Windows ya kuingiwa kwa mbali. Uzito wote unabebwa kule, laptopu yako inaonyesha picha tu. Ipitishe kwenye VPN, usiache mlango wa 3389 wazi kwa intaneti nzima. Intaneti ikichelewa hata kidogo, kipanya kinakuwa nyuma ya mkono, na kuchora kunachosha. Umeme ukikatika kule bila UPS, kazi imeishia hapo.

Kulingana na hali yako

Mwanafunzi wa usanifu au uhandisi: Autodesk hutoa leseni ya elimu bure, inahuishwa kila mwaka, na si ya kazi za kulipwa. Kwa kuwa programu si tatizo lako, chagua kwa mashine. RAM GB 16, mashine pepe. Chini ya hapo, au kama kozi ina Revit, Windows pembeni.

Mchora ramani za nyumba anayefanya kazi peke yake na kukabidhi PDF na nakala za A3: jaribu BricsCAD kwanza, na kama mfuko hauruhusu, QCAD Professional. Windows haikuhusu.

Mpima ardhi au mhandisi anayepokea faili za Civil 3D: usijaribu kuwa shujaa. Windows halisi, pembeni au kwenye kompyuta nyingine unayoiingia kwa mbali.

Mwenye leseni ya zamani na laptopu ya GB 4: Wine, pamoja na ODA File Converter kando yake kwa ajili ya faili za AC1032. Tegemea michoro bapa tu.

Ofisi ya watu watatu au wanne inayotaka kuhamia Linux yote: msihame wote siku moja. Bakizeni kompyuta moja ya Windows yenye AutoCAD kama mlango wa faili zinazoingia na kutoka, wengine wafanye kazi kwa BricsCAD, na mkubaliane fomati moja ya kuhifadhia, mfano ya 2010, ili kusiwe na wa kumkwamisha mwenzake.

Na wewe uliyetumiwa faili saa kumi na moja jioni: leo si siku ya kugawa diski. Kama una akaunti yenye leseni, ingia AutoCAD Web. Kama huna, jaribio la BricsCAD la siku 30 litakuvusha hadi asubuhi, na mfumo utauchagua wikiendi.